Mishumaa Tele, Wageni Haba

London, Juni 20, 1796

Dada yangu mpenzi Keziah,

Pokea salamu zangu wewe kwanza, kisha umpelekee Mama, kisha kaka Josiah na mkewe, na yule mtoto wao ambaye nasikia ameanza kutembea na tayari amemtia kuku wa Mama kwenye ndoo. Kifua chako kinaendeleaje? Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia, au bado kinakuamsha alfajiri? Na goti la Mama? Mwambie asipande ngazi ya darini kufuata sufu. Josiah ana miguu miwili mizima, na sijasikia kwamba anaitumia kwa kazi yoyote akishakula. Mimi kwa upande wangu sijambo. Mwili ni mzima, vidole vina madoa ya tindikali kama siku zote, na macho bado yananitosha kuchonga. Moyo nitakueleza, maana ndio ulionikalisha kitako kuandika.

Barua zako mbili zilinifikia. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kila nilipokaa niandike, nilijikuta nimechora.

Kazi yangu unaijua, ingawa Mama bado anawaambia majirani kwamba mimi huku natia rangi maua. Nachora wakubwa. Nawachora wakila, wakicheza karata, wakisinzia kanisani. Nawachonga kwenye bamba la shaba, Bibi Mabbott anawachapa na kuwatundika kwenye dirisha la duka lake, na watu wanasimama barabarani kuwacheka mpaka magari ya farasi yanakosa pa kupita. Jina langu halionekani. Chini ya picha kuna herufi mbili tu, na wengi wanaamini ni za mwanamume mwenye kitambi.

Baada ya Krismasi Bibi Mabbott aliniita akaniambia kwamba London imechoka kujicheka yenyewe, niende Bath, kwenye chemchemi za maji ya dawa, kwa kuwa wakubwa wote wako kule wanapumzika. Nikamwuliza wanapumzika kutokana na nini, maana mimi sijamwona hata mmoja akifanya kazi.

“Hilo ndilo swali,” akasema. “Kachore jibu.”

Basi nikaenda. Nilipanga chumba cha juu kwa mwanamke anayesafisha glavu za watu, Bibi Sharrock, mtu mwema lakini kiziwi. Kila asubuhi nilivaa gauni langu la kijivu nikaingia kwenye ukumbi wa maji ya moto, nikanunua bilauri yangu ya yale maji yenye ladha ya yai viza lililochemshwa na msumari, nikakaa karibu na nguzo. Hapo nilimwona Kanali mmoja aliyejaza pumba kwenye soksi ili miguu yake ionekane ya kishujaa, na siku hiyo pumba zilikuwa zinavuja nyuma yake kama anawarushia kuku. Nilimwona mzee mmoja mwenye jongo ambaye mguu wake ulikuwa na mtumishi wake peke yake, akitangulia mbele na kupaza sauti, “Pisheni mguu!” Nilimwona bibi mmoja akibebwa na wanaume wawili kwenye kiti cha kubebwa, kutoka mlango mmoja wa barabara mpaka mlango ulio mkabala, na mbwa wake akibebwa nyuma kwenye kiti chake. Watu hawa, Keziah, hubadili nguo siku nzima kama wasafiri, na hawaendi popote.

Picha zilinijia bila kuzitafuta. Niliporudi chumbani nilizichonga, nikazipeleka London kwa gari la abiria, na baada ya muda zikarudi Bath zimechapwa na kutiwa rangi, zikatundikwa katika duka la picha la pale pale mjini. Mimi nilisimama nyuma ya watu nikiwasikiliza wanavyocheka.

Lakini hakukuwa na mtu wa kucheka naye. Hilo sikukuandikia. Bibi Sharrock hasikii, na katika ukumbi ule hakuna anayemsemesha mwanamke wa gauni la kijivu asiyejulikana ni wa nani. Kuna siku nilimwuliza mwuza maziwa bei ya maziwa mara mbili, nami naijua, ili tu nisikie mtu akinijibu. Akanitazama kama mgonjwa. Nikaona haya, kesho yake nikanywa chai bila maziwa.

Mwezi wa Februari, nikiwa nimekaa penye nguzo yangu, mama mmoja mnene wa kama miaka sitini alikuja kukaa kando yangu. Kichwani alikuwa na manyoya matatu ya mbuni yaliyotiwa rangi ya kijani, marefu hata kiti chake cha kubebwa kilikuwa kimetobolewa paa. Hakunigeuzia uso. Alikunywa maji yake, akakunja pua, akasema polepole:

“Binti, usishtuke. Yule Kanali wa pumba, ni kazi yako?”

Nikamwambia Bibi amenifananisha, mimi sijui lolote kuhusu Kanali.

“Acha bwana,” akasema, na tumbo likamcheza kwa kicheko. “Humu ndani kila mtu anatazama kama anatazamwa. Wewe peke yako unatazama watu. Halafu hivyo vidole, vimeliwa na nini? Panya?”

Nikavikunja vidole ndani ya gauni. Wangenijua, mlango wa ukumbi ule ungefungwa mbele yangu na kazi ya Bibi Mabbott ingekwisha. Nadhani aliona, kwa sababu alinishika mkono, akaniambia nisiwe na wasiwasi, siri yangu ataitunza. “Tena kwa urahisi,” akasema. “Sina wa kumwambia.”

Huyo ndiye Lady Quarrington. Marehemu mumewe alikuwa mtengeneza mishumaa hapa London, akatengeneza mingi mno hata mfalme akampa cheo cha Sir. Alipokufa, mkewe akahamia Bath na mali yake na jina lake jipya, akidhani amefika. Keziah, yule mama alikuwa kama popo, si ndege si mnyama. Wakubwa walidai hariri yake inanuka mafuta ya mishumaa, wakampita. Na wale rafiki zake wa zamani, wake za mafundi, walikuwa wakiona haya kukanyaga zulia lake. Miaka mitatu alikuwa akiualika mji mzima kucheza karata kila Alhamisi. Meza inatandikwa ya watu wanne. Mishumaa inawashwa, tena ya nta safi, mingi kama ya sikukuu. Na kila Alhamisi mtumishi wake mzee, Pruett, alikuwa akimletea majibu ya adabu: huyu ana mafua, yule ana mgeni.

Mimi nikaanza kwenda. Tulicheza wawili, kwa maharage. Aliiba karata waziwazi, na nikimkamata anasema, “Mtu wa umri wangu ameruhusiwa.” Tulikula mikate mitamu mpaka tukaona aibu mbele ya Pruett. Aliniambia nani ni nani katika mji ule, nani anadaiwa na fundi nguo, nani ana nywele za bandia mpaka kwenye nyusi, nami nikachora. Picha zangu bora za majira yale zilizaliwa mezani kwake. Na aliniuliza habari zetu. Anajua jina lako. Anajua kwamba unaimba kanisani kwa sauti kuliko wote na kwamba mchungaji ameshindwa kukukataza. Siku nilipomwigizia alicheka mpaka nyoya moja likashika moto kwenye mshumaa, na Pruett akalizima kwa maziwa.

Nyumbani kwake alikuwa na kiambaza cha kukunja, kirefu kuliko mimi, kilichobandikwa picha za dhihaka kuanzia juu mpaka chini. Za kwangu zilikuwemo, na za wachoraji wenzangu wa zamani. Alizijua zote. Alikuwa akinionyesha kwa fimbo: huyu ni bwana fulani, alipochorwa hivi mji mzima ulimjua, huyu ni binti fulani, aliolewa mwaka ule ule. Mimi nilidhani anazipenda kwa ajili ya kucheka. Sikuelewa kwamba alikuwa anatafuta nafasi yake.

Kila mzigo mpya wa picha ulipofika, alibebwa mpaka dirisha la duka, akazitazama moja moja, akarudi bila kucheka. Nilidhani ni uchovu. Mpaka Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili, nikiwa nagawa karata, akaweka zake chini bila kuzitazama.

“Tabitha, yule mbwa umemchora.”

Nikasema ndiyo, amependwa sana.

“Mbwa, Tabitha. Mbwa anayebebwa. Umemchora Kanali, umemchora mwenye jongo na mguu wake, umemchora mpaka mwuza maua wa mlangoni. Unakula mikate yangu tangu Februari. Mimi nina nini? Sifai hata kuchekwa?”

Nikamwambia ukweli wangu. Nilimwambia sikumchora kwa sababu namheshimu, na kwamba kumtundika dirishani achekwe na wapita njia ni jambo nisiloweza kumtendea rafiki.

“Heshima!” akasema. “Heshima hiyo nimepewa na mji mzima. Wananiheshimu hata hakuna anayekuja.” Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa karata, malkia wa kopa, akacheka kidogo kwa hilo. “Anayechekwa ameonekana, binti. Nichore. Usinifiche manyoya wala kidevu. Nichore kabla sijafa.”

Nilikwenda nikamchora. Nilitumia siku nyingi kwenye bamba lile kuliko lolote maishani mwangu. Nilimchora alivyokuwa kabla sijaja: meza ya watu wanne, mishumaa inawaka kama madhabahuni, yeye na manyoya yake, amekwisha kugawa karata kwa viti vitatu vitupu, mkono mmoja umeinuliwa kidogo kama anayesema, karibuni. Haikuwa picha ya kuchekesha. Nilipoimaliza niliigeuza uso ukutani kwa sababu ilikuwa inanitazama. Nikaipeleka kwa Bibi Mabbott bila neno lolote chini ya picha, nikamwandikia kwamba hii iachwe hivyo hivyo.

Unamjua Bibi Mabbott kwa habari zake. Hajafika alipo kwa kuacha vitu hivyo hivyo. Alimpa fundi mwingine bamba langu. Fundi akanenepesha kidevu, akarefusha manyoya mpaka yakatoboa dari, na kwenye kiti kimoja akakalisha paka aliyeshika karata kwa makucha na kuzitazama kwa makini sana. Juu wakaandika kwa herufi kubwa: MISHUMAA TELE, WAGENI HABA. Chini ya paka wakaandika: “Samahani Bibi, nilikuja kwa sababu ya panya.”

Niliiona mara ya kwanza dirishani, pale pale Bath, nikiwa nimebeba mkate wa Bibi Sharrock. Watu walikuwa wamejaa mpaka katikati ya barabara. Nilidondosha mkate nikakimbia mpaka nyumbani kwa Lady Quarrington, niwahi kumwambia mimi kabla hajaambiwa na mwingine. Pruett akasema Bibi ameshatoka, amekwenda kutazama picha. Nikarudi mbio. Nikafika wakati kiti chake kinawekwa chini na manyoya yanatangulia kutoka.

Watu walimjua mara moja. Kicheko kikakatika. Wakampisha njia, naye akapita katikati yao mpaka kwenye kioo, akainua miwani yake ya mkononi, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika ukuta, naomba ardhi inimeze. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya kujaza mtaa:

“Huyu paka ni nani? Mimi sina paka!”

Akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha tumbo, na mtaa mzima ukaangua kicheko pamoja naye. Mke wa bwana mkubwa mmoja, ambaye miaka mitatu hakuwahi hata kumwinamishia kichwa kumsalimu, alimwita kutoka kwenye gari lake: “Lady Quarrington, sasa itabidi umtafute! Hatutakubali kuja Alhamisi kama paka hayupo.”

Akamjibu, “Njooni, nitamwandalia kiti.”

Wakaja. Alhamisi hiyo nami nilikwenda, saa yetu ya kawaida, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa nisiende. Nje kulikuwa na viti vya kubebwa vimepangwa kama majeneza. Pruett alinifungulia, uso wake una furaha na hofu pamoja, akaniacha nipite. Ndani walikuwa watu kama thelathini. Kanali alikuwepo, na mguu wa mzee wa jongo ulikuwa umepewa mto wake. Paka alikuwepo, mweupe, mpya, ana utepe. Lady Quarrington alikuwa amekaa katikati, mashavu mekundu kama msichana. Akaniona. Nikaona amefurahi, Keziah, nakuapia, aliniona akafurahi, akaanza kuinua mkono. Ndipo yule mke wa bwana mkubwa akageuka kunitazama mimi na gauni langu, akauliza, “Na huyu ni nani?”

Lady Quarrington akashusha mkono.

“Huyo?” akasema. “Ni mwanamke wa glavu.”

Nimeligeuza neno lile mara nyingi. Alikuwa ameniahidi kuitunza siri yangu, na mbele yake palikuwa na Kanali na wenzake, ambao wangenirarua wangejua. Huenda alinificha. Huenda pia alinikana. Naamini alifanya yote mawili kwa pumzi moja, na hata yeye hajui lipi lilitangulia. Mimi nilipiga goti kidogo, kama wafanyavyo wanawake wa glavu. Akavua zake, ndefu, nyeupe, zenye doa la mvinyo, akanipa. Vidole vyake vilikaa juu ya vyangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Basi. Nikatoka nazo.

Nilizisafisha mwenyewe. Bibi Sharrock alinifundisha kwa ishara. Nilipozirudisha Pruett alizipokelea mlangoni, akaniambia Bibi ana wageni asubuhi, ana wageni mchana, na jioni amealikwa. Alisema kwa unyonge, kama anayeomba radhi kwa niaba ya mvua. Alhamisi iliyofuata nilikaa chumbani. Siku moja nilimwona kwenye ukumbi wa maji, amezungukwa. Alinitazama juu ya upepeo wake, akainamisha kichwa, manyoya yote matatu yakainama. Wenzake wakageuka kuona anamwamkia nani, wakaiona nguzo.

Sina hasira naye. Nilimpa alichokitaka, na kinamfaa. Sijapata kumwona mtu aliyepona kiasi kile. Ila sikujua kwamba kiti chake kikijaa, changu kitakuwa kitupu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka ukurasa mzima. Wakati wa Pasaka niliwaandikia kwamba nimepata rafiki Bath, mwenye nyumba nzuri, anayenisubiri kila Alhamisi na hapendi kuanza kula mpaka nifike. Mkasoma mlivyosoma. Ukanijibu kwamba Mama amelia kwa furaha, kwamba ameanza kusokota nyuzi za shuka za arusi, kwamba Josiah anauliza bwana huyo ana biashara gani. Ningeweza kusahihisha kwa mstari mmoja. Sikusahihisha. Ilikuwa tamu, dada, kuulizwa. Miaka tisa hapa mjini hakuna aliyewahi kuniuliza kama kuna anayenisubiri, na wewe uliniuliza maswali kumi kwa barua moja: ni mrefu, anacheka, anapenda kuchelewa kulala? Niliyasoma kwa sauti chumbani, nikayajibu yote, ndiyo, anacheka sana. Hakuna bwana, Keziah. Alikuwa ni yeye, mjane wa mtengeneza mishumaa, na sasa hata yeye hayupo. Mwambie Mama wewe, kwa maneno yako. Shuka azimalizie kwa kitanda chake, goti lipate joto.

Nimerudi London, nimo katika chumba kile kile. Picha ya mishumaa imechapwa mpaka bamba linaanza kuchakaa, na Bibi Mabbott anataka nimchoree paka yule akienda kuoga baharini. Wakubwa wamehamia pwani kwa majira ya joto, wanalipa watu kuwatumbukiza majini na kuwatoa. Anataka niende Brighton mpaka mwisho wa Septemba. Nilimwambia nitamjibu.

Naweza kwenda. Kuchora sijachoka. Lakini sitaki kwenda peke yangu tena, na katika ulimwengu mzima hakuna ninayeweza kumwambia hivyo ila wewe. Mama ana Josiah na mkewe. Wewe una kifua, na wanasema hewa ya bahari ni dawa; kama ni uongo, basi angalau ni uongo wa wakubwa, tutaujaribu bure. Huna haja ya kujua kuchora. Rangi nitakufundisha kwa siku moja. Nataka tu, nikirudi jioni, awepo mtu wa kumwambia nimechoka, naye aseme kaa. Hata ukiimba.

Gari la kutoka huko kwenu Kendal linafika hapa Jumanne na Ijumaa. Nitakwenda kulipokea kila linapofika, usiandike kwanza.

Mpe Mama busu langu kwenye shavu lile analopenda, mbebe mtoto wa Josiah kwa niaba yangu, na mwambie mkewe nimezipokea soksi, zimenienea. Mungu akulinde njiani, kama utaishika njia hiyo.

Ni mimi mdogo wako, anayekukumbuka kuliko alivyowahi kuandika,

Tabitha Wragg